Kinachovunja timu za England ni dirisha la usajili, si wageni

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma zaidi ya mara moja barua ya msomaji mwenzangu mliyoichapa wiki iliyopita, anayedai kwamba klabu za Ligi Kuu ya England zimekosa ari kwa sababu zimejaa wageni wanaofuata mshahara, na kwamba dawa ni kuzilazimisha zianze na wazawa wasiopungua saba. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni Mtanzania, naendesha basi la abiria hapa Birmingham. Ni shabiki wa Aston Villa, klabu ya hapa hapa, na Jumapili asubuhi nafundisha soka watoto wa chini ya miaka 12. Hoja yake nimeichukulia kwa uzito kwa sababu anachokililia nami nakililia: timu ambayo wachezaji wake wanapigania nembo iliyo kifuani. Tunachotofautiana ni nani aliyetunyang'anya.

Nianze na mahali ambapo ana haki. Tarehe 10 Machi 2019 Villa walikwenda uwanja wa St Andrew's kwa watani wetu Birmingham City. Mechi ikiwa bado mbichi, mtu mmoja akaruka kutoka jukwaani, akamnyemelea mchezaji wetu Jack Grealish kwa nyuma na kumtandika ngumi. Grealish akainuka, akaendelea kucheza, na kipindi cha pili akafunga bao pekee la siku ile, kisha akakimbilia kona ya mashabiki wetu na kuzama katikati yao. Kijana huyu aliingia Villa akiwa na miaka sita. Babu wa babu yake, Billy Garraty, alitwaa Kombe la FA na Villa mwaka 1905. Mchezaji wa namna hiyo huna haja ya kumweleza maana ya mechi ya watani. Anajua Jumatatu shangazi yake atakutana na nani kazini. Hilo mgeni huwa hana siku anapofika, na siwezi kukana.

Lakini tuitazame timu ambayo wazee wa huku wanaihesabu kuwa na ari kuliko zote. Siku ya mechi napeleka abiria upande wa Witton, jirani na uwanja wetu wa Villa Park, na wale wenye mvi wakianza mazungumzo hayapiti dakika mbili kabla ya kufika kwa kocha Ron Saunders na ubingwa wa mwaka 1981. Villa ya msimu ule ilicheza mechi 42 za ligi kwa kutumia wachezaji 14 tu. Narudia: 14, msimu mzima. Saba kati yao hawakukosa hata mechi moja. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Mei 1982 mjini Rotterdam, kikosi kile kile kwa sehemu kubwa kikaifunga Bayern Munich 1-0 kwa bao la Peter Withe na kuwa mabingwa wa Ulaya. Sasa muulize msomaji mwenzangu: katika 11 walioanza Rotterdam, waliozaliwa Birmingham walikuwa wangapi? Alikuwa mmoja, Gary Shaw. Withe na nahodha Dennis Mortimer walitoka upande wa Liverpool. Allan Evans, Ken McNaught na Des Bremner walikuwa Waskoti.

Na Mskoti ni mgeni au si mgeni? Kuna wakati UEFA, chama cha soka cha Ulaya, kilisema ni mgeni. Kwenye mashindano ya Ulaya ya miaka ya mwanzo ya 1990 klabu iliruhusiwa kuchezesha wageni watatu, na wengine wawili waliokulia kwenye soka la nchi ile. Kwa klabu ya England, Mskoti na mtu wa Wales waliingia kwenye hesabu hiyo. Novemba 1994 Manchester United walikwenda Barcelona, na kocha wao Alex Ferguson, ili hesabu zake zitimie, akamwacha nje Peter Schmeichel, kipa wake kutoka Denmark, golini akasimama Gary Walsh. Wakafungwa 4-0. Usiku ule kanuni haikuongeza ari ya mtu yeyote. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa hukumu katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, na mipaka ya aina hiyo kwa raia wa Umoja wa Ulaya ikaondoka. Msomaji mwenzangu anataka turudi kule kule.

Anasema wazawa huelewana kwa sababu wametoka nchi moja. Namkumbusha tarehe 2 Aprili 2005, St James' Park, Newcastle wakicheza na Villa yetu. Tulishinda 3-0, lakini bao gani nani alifunga wengi wameshasahau. Kinachokumbukwa ni Lee Bowyer na Kieron Dyer, wote Waingereza, wote wa Newcastle, wakipigana ngumi katikati ya uwanja hadi jezi ya mmoja ikachanika. Aliyekimbia kumshika Bowyer alikuwa Gareth Barry, mchezaji wetu sisi wapinzani. Wote wawili wakaoneshwa kadi nyekundu.

Au tumtazame Andy Cole. Mwaka 1995 aliitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, akaingia dhidi ya Uruguay kuchukua nafasi ya Teddy Sheringham. Cole ameandika mwenyewe kwamba alitarajia kupewa mkono na Sheringham hakumpa. Miaka miwili baadaye wakajikuta klabu moja, Manchester United, na wakacheza pamoja bila kuzungumza. Waingereza wawili, wote washambuliaji, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na kimya. Ni nani basi aliyemfanya Cole acheze soka tamu kuliko wakati wowote wa maisha yake? Dwight Yorke, kijana wa Trinidad na Tobago, ambaye sisi Villa tulimleta mwaka 1989, akakaa nasi hadi 1998 alipouzwa United. Yorke na Cole wakawa marafiki nje na ndani ya uwanja. Atafute picha za bao walilofunga Nou Camp, uwanja wa Barcelona, Novemba 1998, Yorke akiuruka mpira uende kwa Cole bila hata kugeuka kumtazama. Msimu ule United walitwaa mataji matatu.

Timu ya taifa yenyewe ni ushahidi mkubwa zaidi. Kizazi kile cha Gerrard, Lampard, Ferdinand na Terry kilikuwa cha wazawa watupu, maana timu ya taifa haina mgeni. Walitolewa robo fainali 2002, 2004 na 2006, na tarehe 21 Novemba 2007 wakafungwa na Croatia 3-2 Wembley na kukosa hata tiketi ya Euro 2008. Miaka baadaye Ferdinand, Lampard na Gerrard wamekaa mbele ya kamera na kusema wazi kwamba uadui wa klabu zao waliubeba hadi kambini. Ferdinand na Lampard walikuwa marafiki tangu West Ham, na urafiki ule ukapoa mmoja alipokuwa United na mwingine Chelsea. Pasipoti ilikuwa moja na wimbo wa taifa mmoja, ila kila mmoja alikula na watu wa klabu yake.

Tarehe 26 Desemba 1999 Chelsea walianza na wageni 11 pale Southampton, jambo lililokuwa halijawahi kutokea kwenye ligi ile. Walishinda 2-1 kwa mabao mawili ya Tore André Flo. Magazeti ya hapa yalilia sana wakati ule. Mei iliyofuata, kwenye fainali ya mwisho ya Kombe la FA katika Wembley ya zamani, Chelsea hao hao wakakutana na Villa. Sisi tulianza na Waingereza wanane, akiwemo Ian Taylor, mzaliwa wa Birmingham aliyeishabikia Villa tangu mtoto, na nahodha wetu alikuwa Gareth Southgate. Wao kwenye kikosi cha kwanza walikuwa na Mwingereza mmoja tu, nahodha Dennis Wise. Bao likafungwa na Roberto Di Matteo, wakachukua kombe. Wachezaji wetu walijituma hadi dakika ya mwisho, siwadai kitu, na kwa kweli nafasi ile hadi leo inaniuma. Lakini kama wageni hawana ari, Chelsea waliipata wapi siku ile? Di Matteo alikuwa ameshakaa nao tangu 1996. Frank Leboeuf pia. Gustavo Poyet alikuja 1997. Walikuwa wameshazoeana.

Najua msomaji mwenzangu atanirudishia msimu wetu wa 2015/16, na ana ruhusa. Kiangazi kile Villa ilinunua kundi la wachezaji, wengi wao kutoka Ufaransa: Jordan Veretout, Jordan Amavi, Idrissa Gueye, Jordan Ayew. Tukamaliza mkiani na pointi 17, tukashuka daraja. Mitaani watu walisema Wafaransa wametuua. Mimi niliziona zile mechi na siafiki. Kabla msimu haujaanza Christian Benteke aliuzwa Liverpool. Nahodha wetu Fabian Delph, Mwingereza, alitangaza kwamba haondoki, na ndani ya wiki moja akasaini Manchester City. Uti wa mgongo wa timu ukang'olewa, watu wapya wakamwagwa kwa mkupuo, kocha Tim Sherwood akafukuzwa Oktoba, Rémi Garde aliyemfuata akaondoka Machi. Tulipofungwa 6-0 nyumbani na Liverpool, ukurasa wa mtandao wa mmoja wa mabeki wetu ulitoa picha ya gari la kifahari saa chache baada ya mechi. Beki huyo ni mzaliwa wa Birmingham. Na Gueye, aliyeitwa mzigo, akaenda Everton na kuwa kiungo mkabaji ambaye klabu yoyote ingemtaka. Mtu ni yule yule. Pale alikuta watu waliojuana, akapewa kazi moja ya kufanya.

Lugha nayo huletwa kama hoja. Kocha Mhispania Unai Emery alipokuwa Arsenal walimcheka kwa Kiingereza chake, na Novemba 2019 akafukuzwa. Alikuja kwetu mwishoni mwa 2022 na Kiingereza kile kile, akaikuta timu ikihangaika karibu na eneo la kushuka daraja. Msimu wake kamili wa kwanza tulimaliza wa nne, na tarehe 2 Oktoba 2024 Bayern Munich walikuja Villa Park na kuondoka wamefungwa 1-0, bao la Jhon Durán wa Colombia. Nilikuwa jukwaa la Holte End. Wazee waliosafiri hadi Rotterdam miaka 42 nyuma walikuwa wanalia hadharani, wanakumbatiana na watu wasiowajua. Nahodha wetu, John McGinn, ni Mskoti aliyekuja 2018 tukiwa daraja la pili. Ezri Konsa yupo tangu 2019, Ollie Watkins tangu 2020. Kocha aliwakuta hawa pamoja na kuwaacha pamoja. Hapo ndipo ari ilipotoka.

Nisimsahau Mbwana Samatta, maana kwetu Watanzania yeye ndiye mlango uliofunguka. Alikuja Januari 2020, katikati ya msimu, timu ikipigania kutoshuka. Tarehe 1 Februari akafunga Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye Ligi Kuu ya England. Mwezi mmoja baadaye, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, tukiwa nyuma 2-0, krosi ya Anwar El Ghazi ikaja na Samatta akajirusha akaipiga kichwa wavuni. Tulipoteza 2-1. Aseme mtu yeyote aliyeitazama fainali ile kwamba mgeni yule hakupigania jezi. Lakini dirisha lililofuata akapelekwa Fenerbahçe. Mtu anatua Januari, Machi soka lote linasimama kwa sababu ya korona, Septemba hayupo. Mshikamano gani unajengwa kwa muda huo, awe Mtanzania au mtoto wa mtaa wa Aston?

Hapa ndipo naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu jambo lenyewe ni la hesabu na ndilo linalowatoa wazawa, wala halitajwi kwenye ile barua. Klabu ikimnunua mchezaji kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye vitabu gharama ile hugawanywa: milioni 10 kila mwaka. Lakini kijana aliyekulia kwenye akademi, yaani shule ya soka ya klabu, hakununuliwa, kwenye vitabu thamani yake ni sifuri. Akiuzwa milioni 40, zote 40 huingia kama faida siku hiyo hiyo. Kwa sheria za fedha za Ligi Kuu zilizoziwekea klabu kikomo cha hasara ya pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, mtu wa kwanza kuuzwa hesabu zinapobana akawa ni yule yule msomaji mwenzangu anayemtaka abaki.

Angalieni majina. Mason Mount alikuwa Chelsea tangu utotoni. Ni yeye aliyetoa pasi ya bao lililowapa ubingwa wa Ulaya mwaka 2021 kule Porto. Mwaka 2023 wakamuuza Manchester United. Conor Gallagher, naye mtoto wa Chelsea, alivaa kitambaa cha unahodha sehemu kubwa ya msimu wa 2023/24, na Agosti 2024 akauzwa Atlético Madrid. Elliot Anderson, kijana wa kule kule Newcastle, aliuzwa Nottingham Forest kiangazi cha 2024. Sisi Villa, Juni mwaka huo huo, kabla hesabu za mwaka hazijafungwa, tulimuuza kinda Omari Kellyman kwenda Chelsea na kumchukua Ian Maatsen kutoka huko huko Chelsea, na Tim Iroegbunam akaenda Everton huku Lewis Dobbin akitoka Everton kuja kwetu. Vijana wanabadilishana viwanja ili vitabu vipendeze.

Halafu Jacob Ramsey. Amezaliwa hapa, ameingia Villa akiwa mtoto mdogo, akapanda ngazi moja moja hadi kikosi cha kwanza. Kiungo anayebeba mpira na kuvuka nao mabeki kama hawapo. Agosti 2025 akauzwa Newcastle kwa takriban pauni milioni 40. Siku ile kwenye basi langu abiria walikuwa wamenyong'onyea. Hakuna aliyesema hajui kucheza, na hakuna aliyesema Emery hamtaki. Kila mtu alijua: ni hesabu.

Kanuni ya mchezaji mzawa haikumsaidia Ramsey. Tangu msimu wa 2010/11 klabu husajili watu wazima wasiozidi 25, na wasiozidi 17 ndio wanaoweza kuwa si wazawa. Mzawa ni yeyote aliyesajiliwa na klabu ya England au Wales kwa misimu mitatu kabla ya kutimiza miaka 21. Ndiyo maana Cesc Fàbregas, aliyekuja Arsenal kutoka Barcelona akiwa na miaka 16, alihesabiwa mzawa. Sina ugomvi na hilo, kijana alikulia pale. Kasoro ninayoiona ni kwamba kanuni inauliza ulikulia nchi gani na haiulizi umekaa klabu gani. Ramsey akiwa Newcastle ni mzawa kwao kama alivyokuwa kwetu. Saba wa msomaji mwenzangu nao watatimia kwa njia hiyo hiyo: kununua Waingereza wa klabu nyingine kwa bei ya kuruka. Grealish mwenyewe, yule wa ngumi ya St Andrew's, alinunuliwa na Manchester City mwaka 2021 kwa pauni milioni 100. Kwenye karatasi City waliongeza mzawa mmoja.

Kuhusu timu ya taifa nitasema kwa kifupi. Mwaka 2017 England ilitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 na lile la chini ya miaka 17, na wakubwa wakafika fainali ya Euro 2020 na 2024. Yote hayo yametokea wageni wakiwa wamejaa ligi. Vijana wale walikua wakifanya mazoezi na wageni hao.

Timu yangu ya Jumapili ina watoto wa Kisomali, Kipakistani, Kijamaika, Kipolandi na Waingereza wa hapa hapa. Septemba kila mmoja hutoa pasi kwa rafiki yake wa shule. Kufikia Februari wanagombana juu ya nani hakurudi kukaba, na beki wa kati anajua bila kuangalia kwamba kipa wake hutoka upande gani. Familia tatu zikihama mji katikati ya msimu, ile kazi naianza upya, hata kama watoto wapya ni hodari kuliko walioondoka. Sijawahi kuona tofauti kwa sababu ya nchi ya mzazi.

Ninachotaka wakubwa wa Ligi Kuu wafanye ni hiki. Fedha za kumuuza mchezaji wa akademi nazo zigawanywe kwa miaka kadhaa kwenye vitabu, kama inavyogawanywa gharama ya kununua, ili haraka ya kumuuza kabla ya mwisho wa Juni iishe. Na mzawa ahesabiwe kwa misimu aliyokaa klabu ile ile, si kwa nchi aliyokulia. Kwa hesabu hiyo McGinn, Mskoti wetu, angetufaa kuliko Mwingereza aliyenunuliwa jana, na Ramsey angekuwa ghali mno kumwachia.

Msomaji mwenzangu, ukiandika tena, naomba unijibu swali moja tu: Jacob Ramsey alipotolewa Villa Park, ni mgeni gani aliyemtoa?

Wenu katika soka,
Dereva wa basi, Aston, Birmingham